Kamba ya kilomita 20 angani inatetemekaje na huko hakuna upepo?

Swali: "Shikamoo ami. Mimi niko Shela, nasomea uinjinia wa mitambo, nimefika mwaka wa mwisho. Babangu ni mvuvi wa mshipi. Nimesoma habari ya ile satelaiti iliyofungwa kwa kamba ya kilomita 20 ikakatika mwaka 1996, na kuna wanaosema ilikatika kwa kutetemeka. Sasa kule juu hakuna upepo wala mawimbi, kamba inatetemeshwa na nini? Na waliokuwa kwenye chombo walijuaje kamba inafanya nini kilomita zote hizo ilhali macho hayafiki? Nataka hii iwe projekti yangu ya mwisho, nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Nimecheka kidogo manake nusu ya jibu unalo hapo nyumbani, muulize babako. Mvuvi wa mshipi ameketi kwenye dau usiku, mshipi umeshuka pima thelathini, haoni chubwi haoni ndoana, giza juu giza chini, lakini mshipi umepita juu ya kidole cha shahada na hicho kidole kinamwambia huyu tewa, huyu changu, huu mwamba, na huo si kitu ni mkondo tu unasukuma. Kidole kimejuaje? Kidole hakijui kitu. Kidole kinahisi mshipi unakaza unalegea basi, anayejua ni kichwa, kwa sababu kichwa kimeshakaa miaka na miaka na mshipi wa urefu ule na chubwi ya uzito ule na kinajua tewa akivuta unatikisika namna gani. Kamba za angani ni hivyo hivyo. Kidole ndio sensa, yaani kifaa cha kuhisi, kichwa ndio modeli, yaani hesabu inayoiga kamba, na ukiwa na kimoja bila mwenzake umepoteza usiku wako bure.

Haya, kwanza hiyo ya kukatika tuitoe njiani. Ile satelaiti ilikuwa ya Waitalia, ikabebwa na chombo cha angani cha Marekani, Columbia, Februari 1996, ikaachiliwa kwenda juu kwa kamba mpaka ikafika kilomita 19.7, imebaki kidogo tu imalize, tarehe 25 ikakatika. Haikukatika kwa kutetemeka. Ndani ya kamba kulikuwa na waya wa shaba, na waya mrefu namna ile ukipita kwenye usumaku wa dunia kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde unazalisha umeme, ni dainamo ya baiskeli lakini kubwa, zilipatikana volti kama 3500. Sasa ile ngozi inayozuia umeme ilikuwa na jeraha mahali, cheche ikaruka kutoka kwenye waya, ikaunguza zile nyuzi za Kevlar zinazobeba mzigo, nyuzi zilizobaki hazikutosha. Yaani iliungua kwanza ndio ikakatika, na satelaiti ikaenda zake juu na kamba yake ikiburura, watu walioko chini wakawa wanaiona kwa macho matupu usiku kama mstari wa taa mpaka ilipoanguka na kuungua hewani mwezi wa Machi.

Na usidhani haya ni mambo ya watu wa mbali. Hapa kwetu ukitoka Malindi ukaelekea Ngomeni utayaona yale majukwaa ya chuma yamesimama baharini, San Marco na Santa Rita, Waitalia chini ya profesa Luigi Broglio walikuwa wakirusha satelaiti pale kuanzia 1967 mpaka 1988, na ile ya Desemba 12, 1970 wakaiita Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Hili wazo la kufunga satelaiti kwa kamba ndefu nalo miaka ya sabini lilisukumwa na Waitalia wengine, Giuseppe Colombo wa Padova na mwenzake Mario Grossi. Mimi nimekulia na majukwaa yale machoni, labda ndio maana ugonjwa huu umenishika.

Turudi kwenye kamba. Kabla hujauliza inatetemeshwa na nini uliza kwanza nani anaikaza, manake kamba iliyolegea haitetemeki, inajikunja tu. Kule juu satelaiti na chombo vyote vinaanguka kuizunguka dunia, uzito hauhisiki, sasa mkazo unatoka wapi? Unatoka kwenye tofauti. Kilicho juu zaidi kinavutwa na dunia kwa nguvu ndogo zaidi, na kwa kuwa kamba inakilazimisha kizunguke sawa na mwenzake wa chini, kinatupwa nje kuliko kinavyovutwa ndani. Cha chini kinyume chake. Kila mmoja anataka kwenda zake, kamba katikati inasema hamuendi, na kwa hivyo inanyooka wima yenyewe kuelekea katikati ya dunia bila mtu kuishika.

Hesabu yake ni fupi: 3 × ω² × m × L, yaani mara tatu ya kasi ya mzunguko ikizidishwa kwa yenyewe, mara kilo za satelaiti, mara urefu wa kamba. Kwenye kimo cha kilomita 300 hivi mzunguko mmoja ni dakika 90, kwa hivyo ω ni kama radiani 0.00116 kwa sekunde. Ile satelaiti ilikuwa na kilo 518. Tia kilomita 20 na uongeze kidogo kwa uzito wa kamba yenyewe, unapata nyutoni 45 au zaidi kidogo. Hiyo ni kama kushika tewa wa kilo nne na nusu mkononi! Satelaiti ya nusu tani kwenye kamba ya kilomita 20, na inavuta kama samaki wa kitoweo. Sasa angalia hiyo L mwanangu, hapo ndipo pana shughuli yote. Mkazo unategemea urefu. Mwaka 1992 walijaribu safari ya kwanza na chombo cha Atlantis, boliti moja ikazuia mtambo unaokunjua kamba, wakakwama kwenye mita 256 hivi. Piga hesabu ya mita 256: unapata nusu nyutoni. Ndimu moja mkononi. Satelaiti ya nusu tani inashikwa na uzito wa ndimu! Ndio maana walikuwa wameitia vijiroketi vidogo vya gesi vya kuisukuma iende nje kamba ikiwa fupi, isije ikalegea. Watu wengi wanaizungumza ile ya 1996 kwa sababu ya cheche lakini mimi nikiulizwa naona ile ya 1992 iliyoitwa imefeli ndio ilifundisha zaidi juu ya mtetemo, kwa sababu walikaa pale pale watu wote walipokuwa wakipaogopa, kamba fupi mkazo hakuna, na ikatulia kuliko walivyotarajia.

Sasa mitetemo yenyewe. Iko ya aina nyingi na kila moja ina saa yake, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, na ukishazijua saa zake umeshaijua nusu ya kazi. Ya polepole kabisa ni kuyumba kwa kamba nzima kama bembea, ikienda mbele na nyuma kwenye njia ya mzunguko inachukua dakika 52, ikienda kushoto na kulia inachukua dakika 45, na ajabu ni kwamba nambari hizi hazijali urefu wa kamba wala uzito, kilomita moja au ishirini ni sawa tu, kwa sababu mkazo unakua pamoja na urefu vinafutana. Halafu kuna kamba kuvutika na kurudi kama springi, satelaiti inapanda inashuka, hiyo kwa kamba kama ile kwenye kilomita 20 nakadiria dakika moja na kitu. Kuna satelaiti yenyewe kutikisa kichwa pale ilipofungwa, sekunde kumi na kitu. Halafu kuna ile ya kamba kupinda tumbo katikati, ndiyo hiyo inayonikosesha usingizi mimi.

Kamba ile ilikuwa na kilo 8 hivi kwa kila kilomita. Ukiichapa upande mmoja, wimbi linasafiri kwa kasi ya kipeuo cha pili cha mkazo ukigawa kwa kilo za mita moja, unapata mita 75 kwa sekunde. Basi la Mombasa mara tatu hivi. Kwenda mwisho na kurudi kilomita 40, dakika 9. Fikiria babako anavuta mshipi halafu jibu linamfikia baada ya dakika 9, samaki ameshafika Kiunga. Na ukiivuta kamba ndani ikawa fupi kasi ya wimbi nayo inapungua kwa sababu mkazo umepungua, pale mita 256 ni mita 8 tu kwa sekunde, na saa ya tumbo inakuwa kama dakika moja. Hii iweke akilini nitairudia.

Nani anaitikisa? Umesema hakuna upepo, kweli, lakini wako wengine. Kunjua kamba na kuisimamisha ghafla ni mmoja. Jua ni mwingine, chombo kinatoka kivulini kinaingia juani kila baada ya dakika 90 na kamba inarefuka inafupika. Kutupwa na vijiroketi vya chombo. Lakini mkubwa wao kwenye kamba ya shaba ni umeme. Waya unaopitisha umeme ndani ya usumaku unasukumwa ubavuni, si umesoma hiyo fomu three. Ukipitisha ampea moja kwenye kilomita 20 unapata msukumo wa nusu nyutoni na kitu kwa kamba nzima, unaona ni mdogo, lakini piga hesabu ya tumbo utaona katikati kamba inapinda mita 30 hivi. Mita 30! Sasa ukiuzima umeme ghafla ni kama umeukwaruza uzi wa udi, tumbo linaachiliwa, linarudi, linapita upande wa pili, na kwa kuwa hakuna hewa ya kulifisha linaendelea. Na kwa kuwa usumaku wa dunia umeinama, msukumo mara unatoka upande huu mara ule, basi tumbo haliendi kushoto na kulia tu, linazunguka. Ni watoto wanaoruka kamba! Mmoja huku mmoja kule, kamba inazunguka katikati, ila hapa anayezungusha ni umeme na dunia. Wanaanga wa Gemini 11, Pete Conrad na Dick Gordon, waliliona kwa macho Septemba 1966 walipojifunga na roketi ya Agena kwa kamba ya mita 30, kamba ikapinda ikawa inazunguka vile vile. Wao mita 30 waliweza kutazama dirishani. Kilomita 20 hutazami kitu, kamba yenyewe unene wake milimita mbili na nusu.

Na hatari yake si wakati imesimama mbali. Hatari ni wakati wa kuivuta irudi. Nenda kwenye kisima chochote hapo Lamu uvute ndoo haraka, utaona chini ilikuwa inayumba kidogo tu, ikikaribia juu inapigapiga kuta na kukumwagia maji. Kamba ikifupika ile nguvu ya kuyumba haina pa kwenda, pembe inakua. Kukunjua ni raha, kunatuliza, kukunja ndio balaa. Halafu ongeza hili: saa ya tumbo inafupika kamba ikifupika, kutoka dakika 9 kuja dakika 1, na ile saa ya satelaiti kutikisa kichwa inafanya kinyume, inarefuka, kutoka sekunde kumi na kitu kwenda karibu dakika mbili, kwa sababu anayeishika shingo amelegeza. Moja inashuka moja inapanda, lazima zikutane. Hesabu yangu ya mkono inaniambia zinakutana kwenye mita mia nne na kitu. Hapo tumbo la kamba na kichwa cha satelaiti vinaimba sauti moja, kila mzunguko wa kamba unamsukuma satelaiti wakati ule ule anapotaka kusukumwa, kama unavyomsukuma mtoto kwenye bembea, na satelaiti inaweza kuanza kupinduka karibu kabisa na chombo chenye watu. Unaona kwa nini wanataka kujua tumbo lina ukubwa gani kabla hawajaanza kuvuta.

Basi tufike kwenye kidole. Utasema rahisi ami, tunatia sensa ya mkazo pale kamba inapotokea tunasoma. Nami nilisema hivyo zamani. Sikiliza sasa. Kamba ikipinda kushoto inarefuka kidogo, mkazo unapanda, ikirudi katikati unashuka, ikienda kulia unapanda tena, kwa hivyo sensa itaona mtetemo, ila utauona mara mbili kwa kila mzunguko mmoja, hilo ulijue usije ukaandika saa nusu ya ile ya kweli. Sawa. Lakini kamba ikiwa inazunguka duara, je? Imepinda kiasi kile kile muda wote! Haipiti katikati kamwe. Urefu haubadiliki, mkazo haubadiliki, sensa inakuchorea mstari mnyoofu mtulivu kama maji mafu, na kumbe katikati kule kamba inazunguka na tumbo la mita kadhaa. Kidole kinakudanganya mchana kweupe. Na ule ndio mtetemo hatari kuliko yote. Hata ukitia uzi wa kioo ndani ya kamba, ile ya kupitisha mwanga kama kebo za intaneti, ukawa unasoma kamba imevutika kiasi gani kila mahali, kitu kizuri sana kwa mambo mengine, kwa duara safi utasoma kamba imevutika sawasawa basi.

Kinachokuokoa ni pembe. Kamba inayozunguka inafika kwenye satelaiti ikiwa imeinama, na mwinamo huo unazunguka nao, kwa hivyo inaivuta satelaiti shingo huku na huku. Satelaiti ina jairoskopu ndani yake zinazopima inavyogeuka, data zinatumwa chini kwa redio, na programu inachambua ule mgeuko mdogo kuuliza: ili satelaiti itikise kichwa hivi kwa saa hii, tumbo huko katikati lazima liwe na ukubwa gani na liko upande gani sasa hivi? Hivyo ndivyo walivyojiandaa kulipima tumbo kwenye safari zile, kwa kusoma shingo ya satelaiti. Kamba nyingine za miaka ile, kama ile ya SEDS ya Marekani ya 1993 na 1994, uzi mwembamba chini ya milimita moja wa kilomita 20 usio na umeme, zilitia sensa ya mkazo, akselerometa, yaani kipima mabadiliko ya kasi, na kipima usumaku vyote kwenye kisanduku cha mwisho. Na ile ya TiPS ya mwaka 1996, kilomita 4, visanduku viwili walivyoviita Ralph na Norton, yenyewe walikuwa wakiipiga leza kutoka ardhini wapime umbali wa kila kisanduku, ndio wakaona ile bembea inavyotulia polepole. Hiyo ilidumu miaka kumi kabla ya kukatika, wakati ya SEDS ya pili haikufika hata wiki. Uzi mwembamba sana, kijiwe kidogo tu kinaukata.

Sasa kichwa. Programu inayosoma shingo ya satelaiti lazima iwe na modeli ndani yake, la sivyo mgeuko ni mgeuko tu. Njia inayotumika sana ni kichujio cha Kalman na usitishwe na jina. Nahodha anatoka Malindi kwenda Lamu usiku, hana GPS, anajua kasi yake, anajua mkondo, kila nusu saa anajiambia sasa nipo hapa. Anakisia. Halafu akaiona taa ya mnara kwa mbali, lakini kuna ukungu hana hakika sana. Hatupi kisio lake lote na haipuuzi taa, anajisogeza kidogo upande wa taa kwa kadiri anavyoiamini. Basi. Modeli inakisia, sensa inaleta taa, unasahihisha kwa kadiri ya imani, unaendelea. Kila sekunde.

Modeli ya kamba wewe anza na tasbihi. Chukua kamba yote uigawe punje ishirini, kila punje ina uzito wake, kati ya punje na punje kuna uzi wa springi wenye kufifisha kidogo. Kila punje unaihesabia mvuto wa dunia, nguvu ya kutupwa nje na kuvutwa na jirani zake wawili. Kuna wanaoanza na milinganyo mizito ya kamba endelevu, inapendeza kwenye karatasi lakini kamba ikilegea milinganyo inakufa mikononi mwako. Tasbihi inakubali kulegea, unaandika sharti moja tu: uzi ukiwa mfupi kuliko urefu wake wa asili, nguvu ni sifuri, kamba inavuta haisukumi. Usisahau sharti hilo. Nimeona tasnifu za watu wazima ambazo kamba inasukuma satelaiti kama fimbo.

Tatizo utakalokutana nalo ni hili, nakwambia mapema kwa sababu mimi lilinila miezi. Mtetemo wa kando unasafiri mita 75 kwa sekunde, lakini mvuto wa kurefuka na kufupika kwenye kamba kama ile unasafiri kilomita kadhaa kwa sekunde. Punje zako ziko kilomita moja mbali, basi habari inaruka punje hadi punje kwa theluthi ya sekunde hivi, na kompyuta lazima ipige hatua ndogo kuliko hapo, wakati wewe unataka kutazama bembea ya dakika 52 kwa mizunguko mingi. Mamia ya maelfu ya hatua. Mara ya kwanza mimi niliona nijifanye mjanja nikaweka hatua ya sekunde moja, nikaacha kompyuta usiku nikalala, alfajiri nakuja satelaiti yangu imevuka mwezi. Nikadhani nimegundua kitu wallahi. Kumbe hesabu imelipuka tu. Dawa ni mbili, ama upunguze hatua ukubali kungoja, ama utumie njia za hesabu zinazostahimili milinganyo migumu, ziko tayari kwenye lugha za kompyuta za Python na Octave bure. Mwanafunzi asiyekuwa na haraka, punguza hatua.

Kitu kingine kigumu kweli ni kufifia. Kamba inapoteza nguvu kiasi gani kila ikitetemeka? Hewani hapa kwetu hewa yenyewe inaifisha, huko hakuna hewa, ni msuguano wa nyuzi kwa nyuzi ndani ya kamba tu, na huo unabadilika na joto, na mkazo, na hata kamba ilivyokaa imekunjwa kwenye gurudumu lake. Ukipima kamba yako kwenye maabara chini ya uzito wa kilo hamsini hujapima kamba inayovutwa na ndimu. Kwa hivyo usiweke nambari moja ukaiamini, weka ndogo, weka kubwa, onyesha matokeo yote mawili.

Kwa projekti yako mimi nisingekushauri ufanye yote. Acha umeme, acha jua. Fanya modeli ya tasbihi kwenye kompyuta, halafu fanya jaribio moja la mikono hapo hapo Shela. Tafuta nyumba ya ghorofa yenye uwazi katikati, teremsha kamba nyembamba mita sita au saba, mwisho funga kisanduku chenye simu ndani, simu yoyote ya siku hizi ina akselerometa na jairoskopu na kuna programu za bure za kurekodi. Juu funga mizani ya springi ya kidijitali usome mkazo. Kisha mtu asimame ngazini katikati aizungushe kamba kama watoto, aachie, wewe rekodi. Jaribu kukisia ukubwa wa duara kwa kutumia jairoskopu ya simu peke yake, halafu linganisha na video ya simu nyingine uliyoilaza chini ikitazama juu. Hapo utauona ule uongo wa kidole kwa macho yako, mizani haisemi kitu na kamba inazunguka. Hapa mkazo unatoka kwenye uzito wa kisanduku si kwenye urefu, kwa hivyo usilinganishe nambari moja kwa moja na za angani, linganisha mbinu. Na ufanye ndani ya nyumba, kusi ikianza kuvuma huko Shela utapima upepo si kamba.

Kwenye modeli, kabla hujanitumia grafu yoyote ya kupendeza, nitumie mbili za kuchosha. Punje zote mstari mmoja, inamisha digrii mbili kuelekea mbele, acha, pima saa ya bembea, lazima utoe dakika 52. Kisha inamisha kando, lazima utoe 45. Ukipata 52 zote mbili usihangaike na hatua wala springi, umesahau kutia nguvu ya kutupwa nje kwenye kila punje, kwenye bembea ya mbele na nyuma ukosefu wake hauonekani lakini ya kando inakukamata, na ukichungulia mkazo utakuta nao umetoka mara mbili badala ya mara tatu.